Tulishuka Sagana mto ukiwa umefura, na kuna jambo nililoficha

Mleta uzi

Wadau, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa shingoni, na sababu yake ndiyo imenifanya nifungue uzi huu.

Jumamosi moja katikati ya Mei tulikuwa watu wanane na waelekezi watatu, tumepanga kushuka Sagana kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kila mtu na yake. Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na Thika tuliikuta bado inanyesha, lakini tulipofika Makutano mawingu yalikuwa yameachana na jua limetoka. Tukashangilia garini. Hilo ni kosa letu sisi watu wa mjini, tunatazama anga iliyo juu ya vichwa vyetu tu. Mvua inayoujaza Sagana hainyeshi Sagana. Inanyesha kule juu Mlima Kenya na Aberdare, kisha maji yake yanachukua saa kadhaa kushuka. Unaweza kusimama ukingoni jua likikuchoma kisogo, na maji ya mvua ya usiku ndiyo kwanza yako njiani.

Mimi mto huu naujua wa Januari na Februari. Maji yana ukijani, mawe makubwa meusi yamejitokeza, na baina ya jiwe na jiwe unapata pa kuvuta pumzi. Siku hiyo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba povu, chupa za plastiki na migomba mizima na mizizi yake. Mawe hayakuonekana. Kilichonitisha zaidi ni sauti. Kiangazi mto unapiga kelele, lakini ukijaa unanguruma kwa chini, mpaka unausikia kwenye nyayo.

Kiongozi wetu ni mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Hakutuambia tushushe vyombo. Alichukua kijiti akakichomeka kwenye tope pale maji yalipoishia, akatuambia tunywe chai. Hiyo ilikuwa saa mbili na robo. Saa tatu kasoro robo kijiti kilikuwa kimebaki ncha. Akachomeka kingine juu zaidi. Saa tatu na nusu maji yalikuwa yamekigusa hicho cha pili na yamesimama hapo. Akangoja dakika ishirini nyingine, hayakupanda. Ndipo akasema: sehemu ya juu hatuigusi leo, tutaanzia chini, na poromoko kubwa tutalizunguka kwa miguu, kayaki mabegani.

Watu walinung'unika. Tulikuwa tumelipa, tumeamka usiku, na wengine walikuwa wameomba ruhusa kazini. Nami nilinung'unika.

Kisha akatuuliza, mmoja mmoja, akimtazama mtu machoni: "Una jeraha lolote? Umelala vizuri? Kujibinua kwako kukoje?" Kwa wasiojua, kujibinua ni pale kayaki inapopinduka, wewe uko kichwa chini ndani ya maji, na unatumia kiuno na kasia kuirudisha juu bila kutoka. Ndiyo silaha ya kwanza ya mtu wa kayaki.

Bega langu la kulia liliteguka mwezi wa Desemba. Daktari aliniambia nisubiri miezi sita. Nilijibu: "Niko sawa."

Poromoko la kwanza na la pili tulipita vizuri mno, hata nikajisahau. Mto uliojaa una hadaa hiyo. Mahali palipokuwa na ngazi za mawe kiangazi, maji yamefunika yote na unateleza juu kama mtu aliye kwenye bembea. La tatu ndilo lililonipata. Palikuwa na jiwe kubwa lililofunikwa, maji yanapita juu yake, yanaanguka nyuma na kujikunja kurudi yalikotoka. Sisi tunaita shimo. Nililiona nikiwa nimechelewa, likanishika ubavu, nikapinduka.

Nilijaribu kujibinua mara ya kwanza, bega likakataa. Mara ya pili nilisikia kitu kikitoka mahali pake. Maji yalikuwa baridi ya mlimani, na meusi, kwa sababu kwenye maji ya tope huoni hata mkono wako. Nikavuta ukanda wa sketi, ile ya mpira inayoziba mdomo wa kayaki, nikatoka. Kasia nikaliachia, na hilo nalo ni kosa.

Nilielea chali, miguu mbele, kama tulivyofundishwa. Nikasikia kipenga mara tatu, ambayo ni ishara ya hatari, kisha sauti ya kiongozi: "Ogelea kushoto! Ogelea!" Nilipoinua kichwa niliona alichokiona. Mkuyu ulioanguka. Kiangazi mti huo uko nchi kavu, juu kabisa ya ukingo, na siku hiyo mto ulikuwa umepanda mpaka unapita katikati ya matawi yake. Maji yanapita, mtu hapiti. Anabaki amebanwa pale kama majani ya chai kwenye chujio, na mto wote uko mgongoni mwake.

Niligeuka kifudifudi nikaogelea kwa mkono mmoja na miguu. Kamba ya kwanza ilirushwa ikanipita. Ya pili ikaniangukia kifuani. Nikaishika, nikalala chali, nikavutwa hadi kwenye nyasi. Baina yangu na mkuyu palikuwa na kama urefu wa magari mawili.

Lakini bega silo linaloniuma zaidi. Mimi nilipotoka kwenye kayaki, kundi zima lilivunjika. Mwelekezi mmoja alifuata kayaki yangu. Dada mmoja wa kundi letu, mwenye uwezo kunizidi, aliacha mahali salama alipokuwa ametulia nyuma ya jiwe akaingia mkondoni kufuata kasia langu. Naye akapinduka, akagonga jiwe, akapasuka kidevu. Alishonwa nyuzi nne.

Aliumia kwa sababu ya neno moja nililolisema asubuhi, na hakuna aliyejua hivyo hadi leo.

---

Kisima cha Maji

Pole sana kaka. Swali la mtu asiyejua: kwa nini hukusimama? Umesema ulikuwa karibu na ukingo, huenda maji yalikuwa ya kiunoni tu.

---

Mleta uzi

Asante kwa pole. Swali lako ni zuri kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mwili unataka kufanya.

Chini ya mto kuna mawe na nyufa. Ukisimama kwenye maji yanayokimbia, mguu unaweza kuingia katikati ya mawe mawili, na papo hapo mkondo unakusukuma mgongoni, unainama mbele na mguu hautoki. Watu wamezama namna hiyo kwenye maji ya kufika pajani. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo mto uliojaa si mto ule ule ulioongezewa maji kidogo. Unaelea, miguu juu, mpaka makalio yaguse chini kwenye maji yaliyotulia, ndipo unasimama.

---

Mwana wa Kirinyaga

Mimi nimezaliwa kando ya mto huo na sasa nina miaka hamsini na nane. Kayaki sijawahi kuingia. Nataka kumwambia huyu kijana mambo mawili.

La kwanza, kiongozi wenu ana akili. Kile kijiti chake ndicho mama zetu walichotufundisha, ila sisi tulitumia jiwe lililopakwa chokaa. Na kuna jambo hamlijui nyinyi wa Nairobi: mto ukija mpya unanuka. Unanuka udongo uliochimbuliwa na majani yaliyooza. Tulipokuwa watoto tukichunga mbuzi, harufu hiyo ikitufikia hatukungoja kuuona, tulipanda juu na mbuzi wetu. Wanaochota mchanga hapo chini hadi leo wanafanya hivyo.

La pili, mito ya huku ina kuta. Watu wa mashamba wamejenga kuta fupi za kuzuia maji ili yaingie mferejini, hasa kule Mwea kwenye mito ya Thiba na Nyamindi. Kiangazi unaona ukuta mzima. Mto ukijaa unaona mstari tu juu ya maji, kitu kama kidato kimoja cha ngazi, na mgeni anadhani ni mchezo. Chini ya kidato hicho maji yanazunguka kurudi ukutani, upana wote wa mto, hakuna pa kutokea pembeni. Nimeona gogo likizungushwa hapo tangu asubuhi hadi jioni. Kama gogo halitoki, wewe na hilo jaketi lako la kuelea mtatokaje?

---

Mleta uzi

Asante sana mzee wangu. Hilo la kuta kiongozi alilitaja, na ndiyo sababu hatuendi mto wowote mpya bila kuutembea kwanza kwa miguu ukingoni. La harufu sikulijua. Sasa nakumbuka: tuliposhuka garini mmoja wetu alisema panatoka harufu kama ya shamba lililolimwa jana. Hakuna aliyemjibu.

---

Mtu wa Hola

Nimesoma uzi wote na nitasema ukweli wangu, msinichukie.

Mto huo mnaouchezea huko juu ndio Tana wetu. Unapita mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unapita Garissa, unapita kwetu, unaingia baharini karibu na Kipini. Kama kilomita elfu moja. Nyinyi mkisema mto umejaa mnamaanisha siku ya kusimulia. Sisi tukisikia Masinga inafurika, tunapakia magodoro.

Aprili 2024 watu walikuwa wanavushwa kwa boti pale Kona Punda, karibu na Garissa, kwa sababu barabara ilikuwa imeingia majini. Tarehe 28 boti ikazama, watu wakafa. Hawakuwa wamevaa helmeti. Wengi hawakuwa na jaketi. Walikuwa wanatoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Masika ile iliua zaidi ya watu 200 nchi nzima.

Sasa mtu akilipa pesa aende kutafuta maji yale yale kwa hiari yake, na akadanganya juu ya bega lake, ndugu yangu, mimi nashindwa hata kukupa pole. Naiacha kwa huyo dada wa kidevu.

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, sikuchukii. Umenifanya nikae kimya saa nzima kabla ya kujibu.

Sitakwambia kwamba ninachofanya kina manufaa kwako. Nitakwambia ninavyouona mto tangu nianze. Miaka mitano iliyopita Sagana kwangu ilikuwa jina kwenye kibao cha barabarani, nikielekea Nyeri. Leo najua mvua ya Aberdare ni yangu pia, na ninapoona rangi ya maji ikibadilika nafikiria inakokwenda. Kuhusu jaketi una haki kabisa. Sisi wanane tulikuwa na jaketi kumi na moja, za ziada zimekaa ndani ya gari. Nimeiona hesabu hiyo tangu uliposema Kona Punda na haijanitoka.

---

Mtu wa Hola

Jibu lako nimelipokea. Na mimi niongeze kwa haki: mafuriko si adui tu. Wazee wetu Wapokomo walilima kwa kufuata maji yanaporudi, mpunga, ndizi, maembe, na udongo huo mliouona ukipita na rangi ya chai ndio uliolisha mashamba yetu. Tangu Masinga ikamilike 1981 udongo mwingi unabaki bwawani. Kwa hiyo mto huu ukija tunalia, usipokuja tunalia. Ndiyo maana ukinigusa jina lake nasema sana.

---

Kasia la Jinja

Wakuu, nawasalimu kutoka Uganda. Mimi nimejifunzia kwenye Nile, na nilipokuja Sagana mara ya kwanza nilidharau. Nikasema mto gani huu mwembamba. Nilikula maji.

Tofauti iko hivi. Nile yetu inatoka Ziwa Victoria, na ziwa ni tangi. Mvua ya usiku mmoja haibadilishi kitu. Siku hizi hata zaidi, kwa sababu maji yanapita kwenye mitambo ya umeme, Bujagali tangu 2012 na Isimba tangu 2019, na mabwawa hayo yamefunika maporomoko mengi tuliyoyapenda. Ni maji mengi sana, lakini ya vuguvugu, yenye kina, na baada ya poromoko unakuta maji mapana yaliyotulia. Ukipinduka utakunywa, utazungushwa, kisha utatemwa mahali pa kupumzika. Ilipofika Mei 2020 ziwa likapanda kuliko lilivyopanda 1964, mto nao ukabadilika, lakini tuliliona likija kwa miezi.

Sagana ni mwembamba, una mawe karibu, una miti ukingoni, na unapanda wakati mnakunywa chai. Na ukijaa, zile sehemu za kupumzika nyuma ya mawe zinatoweka, poromoko linaungana na poromoko. Aliyezoea Nile anakuja na nguvu za mikono, wakati huku kinachotakiwa ni macho.

Mleta uzi, kitu kimoja sijakubaliana nacho. Maji yalipopanda vile ndani ya nusu saa, mimi ningegeuza gari. Maji yaliyosimama dakika ishirini yanaweza kuwa yamepumzika tu, kuna wimbi jingine juu. Kupunguza safari hakukutosha.

---

Mleta uzi

Hili tumelijadili sana kwenye kundi na bado hatujakubaliana. Nitasema upande wa kiongozi kwa sababu hayupo hapa. Alipiga simu kwa mtu anayeishi karibu na daraja la juu, akaambiwa huko maji yameanza kuacha alama ya unyevu kwenye nguzo, yaani yanashuka. Sehemu aliyoichagua ina njia ya kutokea kila baada ya mita mia chache, na gari lilikuwa linatufuata barabarani. Aliweka mtu wa kamba chini ya kila poromoko kabla hatujashuka, na hiyo kamba ya pili iliyonipata ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekuwa pale akingoja, hakuja mbio. Ishara tulizirudia ukingoni: kasia likisimama wima, njoo, likilala juu ya kichwa, baki ulipo.

Alipanga safari ile kwa watu wanane wazima, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia. Angejua bega langu, nina hakika ningebaki garini na chai yangu, au tungerudi wote. Hesabu yake ilikuwa sahihi, namba niliyompa ndiyo ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo mkuu, nakuheshimu, ila lawama ya siku ile siwezi kumbebesha yeye.

---

Kisima cha Maji

Na kama mtu anataka kuanza? Sasa nimeogopa na nimetamani pamoja.

---

Mleta uzi

Anza kwenye bwawa la kuogelea, si mtoni. Jifunze kutoka kwenye kayaki iliyopinduka mpaka usione haya wala hofu, halafu ndiyo kujibinua, mamia ya mara, pande zote mbili. Mtoni nenda kiangazi, maji ya daraja la kwanza na la pili. Vipimo vya ugumu wa maji vinaanzia 1 hadi 6, na Sagana yenyewe ina sehemu za 2 mpaka 5, kwa hiyo ukiambiwa tu "tunaenda Sagana" hujaambiwa kitu. Uliza sehemu gani, na maji yako wapi leo. Na uangalie kama kiongozi anakuuliza maswali. Asiyekuuliza kitu, shuka garini.

Akikuuliza, mjibu kweli.

---

Mwana wa Kirinyaga

Kijana, hilo kasia lako lina rangi gani?

---

Mleta uzi

Bluu mzee, na utepe mweupe karibu na mshikio. Kwa nini?

---

Kidevu

Mimi ndiye huyo dada. Mtu alinitumia uzi huu jana usiku na nimejiandikisha leo ili nijibu.

Kaka, kuna mahali umekosea. Sikufuata kasia lako. Kasia nililiona likipita na sikulijali. Nilitoka nyuma ya lile jiwe kwa sababu kamba ya kwanza ilikupita, na kutoka nilipokuwa sikumwona yule mtu wa kamba ya pili, alikuwa amefichwa na vichaka. Nilidhani hakuna mwingine. Nikaona mkuyu, nikaona kichwa chako, nikapiga kasia. Ningetulia nilipokuwa kama tulivyoagizwa, nisingeumia, na wewe ungeokolewa vile vile. Hilo ni langu, usiniondolee.

Lakini bega, hapana. Kwa bega nimekasirika. Tumekaa gari moja kutoka Nairobi, tumekula mandazi kwenye karatasi moja, na ulijua. Ningekuwa najua ningekaa karibu nawe tangu juu. Usiponiambia, unaniamulia mimi pia. Nyuzi zimetolewa Jumatano, alama itabaki kidogo.

Kiongozi nimemwambia mimi mwenyewe asubuhi hii, kwa sababu nilijua ungechelewa. Amesema umpigie leo kabla ya jioni.

---

Mleta uzi

Nimesoma. Nisamehe dada. Nampigia sasa hivi.

---

Mwana wa Kirinyaga

Vijana wa mchanga hapa chini wana kasia la bluu lenye utepe mweupe. Wamelitumia wiki nzima kusukumia mtumbwi wao na wanasema ni zuri. Limepasuka kidogo upande mmoja. Ukija, njoo na soda kreti moja, na ujaze jaketi mbili za zile za ziada kwenye gari, maana wao wanaingia mtoni kila siku bila kitu.

---

Mleta uzi

Nitaleta zote tatu mzee. Kasia waendelee nalo mpaka bega lipone.